Mwezi Mmoja Mwisho wa Reli: Bajeti ya Wawili

Natumaini mshahara umeingia na bado haujatoka wote. Mwezi huu naomba tuongelee hela kidogo, ila hela ya raha, siyo ya ada wala ya kodi ya nyumba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Siku 28! Wengi wetu tunazimaliza kwenye harusi za watu, kwenye misiba, na kumsimamia fundi anayepaka rangi ukuta wa nyuma. Wanaothubutu kusafiri na wenzi wao hukimbilia Zanzibar siku tatu, picha mbili tatu ufukweni, wamerudi. Sina ugomvi na Zanzibar. Lakini wasomaji wengi, hasa walio kwenye miaka ya mwanzo ya ndoa au wanaoelekea huko, wananiuliza: hivi tukitaka kubeba mabegi mgongoni na kupotea mwezi mzima, twende wapi na itatugharimu kiasi gani?

Jibu la wapi ni jepesi: Kigoma. Mwisho wa reli, ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na milima inayoanzia pale pale maji yanapoishia. Jibu la kiasi gani ndilo limenifanya nikae chini na kalamu. Kigoma ina bei mbili. Mjini, mtu aliyezoea gharama za Dar anaweza kujiona bosi. Lakini Gombe upande wa kaskazini na Mahale upande wa kusini ni kati ya sehemu za nchi hii ambazo kufika kwake kunakula hela kweli kweli. Wapenzi wanaochanganya bei hizo mbili kwenye hesabu moja ndio wanaorudi wamenuniana.

Ghali ni nini hasa?

Tuanze na milima yenyewe. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ndogo tu, haifiki kilomita za mraba 60, lakini jina lake limezunguka dunia kwa sababu ya Jane Goodall, aliyefika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe na kuifanya kazi hiyo kuwa maisha yake hadi alipofariki Oktoba 2025. Mahale ni kubwa zaidi, kilomita za mraba 1,613, na ilitangazwa hifadhi mwaka 1985. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walianza kuwafuatilia sokwe wa huko mwaka 1965. Katikati yake umesimama mlima Nkungwe, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na kuupanda kunachukua siku mbili hadi tatu ukiwa na askari wa hifadhi.

Sasa sikiliza hili. Ndani ya hifadhi zote mbili hakuna kuzunguka kwa gari. Unaingia kwa maji, unatembea kwa miguu. Gombe unafika kwa boti tu. Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma mjini, na hata ukienda kwa gari hadi vijiji vya kando ya ziwa kama Buhingu, mwisho wa siku utapanda boti. Wageni wenye fedha zao hutua kwa ndege ndogo na kulala kwenye kambi za kifahari ambazo usiku mmoja unalipwa kwa mamia ya dola. Hao tuwaache na raha zao.

Kwa hiyo ukiona milima hii ni ghali, usidhani ni chakula au kitanda. Unachonunua ni mafuta ya boti. Na mafuta ya boti hayajali kama ndani mmekaa wawili au wanane. Chukua mfano wa hesabu, ambao si bei ya sokoni: tuseme boti ya kukodi kwenda na kurudi Mahale ni shilingi 1,500,000. Mkiwa wawili, kila mmoja ametoa 750,000. Mkiwa sita, kila mmoja ametoa 250,000. Hakuna kubana matumizi kwingine kokote, hata mkila mihogo mwezi mzima, kutakakookoa laki tano kwa kila mtu kwa mara moja. Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mtu mwenye bajeti akifika Kigoma ni kutafuta watu. Ulizeni gesti, ofisi ya hifadhi na bandarini: nani mwingine anakwenda kusini wiki hii? Siku tatu za kuuliza mkiwa mmekaa mjini kwa bei ya mjini zinaweza kulipa kuliko miezi mitatu ya kudunduliza.

Mafungu matatu

Mimi na mume wangu tuliporatibu mwezi wetu kule, tuligawa hela mafungu matatu kabla hata ya kukata tiketi. Nawapa kama ilivyo.

Fungu la kwanza ni la nchi kavu: nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula, daladala, bodaboda. Hili mnaweza kulihesabu kwa siku. Kama nyie wawili mnatumia, tuseme, shilingi 60,000 kwa siku mjini, siku 11 ni 660,000. Hesabu ya darasa la nne.

Fungu la pili ni la mlima: viingilio vya hifadhi, mwongozaji, malazi ya ndani, boti, na chakula mnachobeba. Hili halihesabiwi kwa siku, linahesabiwa kwa safari. Mnaandika gharama ya Gombe nzima kama kitu kimoja, na gharama ya Mahale nzima kama kitu kimoja, halafu mnaamua kama mnaweza zote mbili au moja. Kuna watu wanaona aibu kuchagua moja. Aibu ya nini? Sokwe wa Gombe ni sokwe, na wa Mahale ni sokwe.

Fungu la tatu ni la kusubiri. Hili ndilo watu wanalisahau, na ndilo limenifanya niandike makala hii.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo mizuri kwa kutembea mlimani, maana njia ni kavu. Lakini miezi hiyo hiyo upepo wa kusini huweza kulichafua ziwa, na nahodha mwenye akili anapokuambia leo hatutoki, hamtoki. Boti ya abiria nayo inaweza kungoja mzigo ujae. Mtu mliyekubaliana mchangie boti anaweza kuahirisha. Kila siku ya namna hiyo ni usiku mwingine wa gesti na milo mingine sita kwa watu wawili.

Katika siku 28 hizo sisi tulipanga hivi: siku nne za njiani kwenda na kurudi, siku 11 za Kigoma na Ujiji, siku tatu za Gombe, siku tano za Mahale, siku moja ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kazini. Hizo ni 24. Siku nne zilizobaki hazikupewa kazi yoyote, ila zilipewa hela yake. Zilikuwa siku za kusubiri, zimelipiwa tayari.

Nina rafiki zangu wawili, mke na mume, wote wana kazi nzuri, waliokwenda bila fungu hilo. Hela ya Mahale walikuwa nayo kamili, wameifunga kwenye bahasha. Upepo ukawakalisha mjini siku tatu. Siku ya kwanza wakala hela ya akiba, siku ya pili wakagusa bahasha, siku ya tatu bwana akampigia kaka yake simu amtumie laki tatu, bila kumwambia mkewe. Bibi akaiona meseji ya muamala. Basi, ugomvi wenyewe haukuwa wa laki tatu. Ulikuwa wa “kumbe huwa unakopa kwa ndugu zako bila mimi kujua”. Mahale walifika, sokwe wakawaona, na picha wanazo. Lakini mpaka leo ukizitaja hizo picha sebuleni kwao, mmoja anaondoka kwenda kuangalia jiko. Siku nne za kusubiri zilizolipiwa zingewagharimu kidogo sana kuliko hivyo.

Saa 24 za hifadhi

Sasa tuingie kwenye mahesabu yanayowachanganya wengi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa saa 24. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi ambacho mtu mwenye mshahara wa kawaida anakimudu. Mgeni wa nje hulipa kwa dola: kwa miaka mingi kiwango cha mtu mzima kimekuwa dola 100 Gombe na dola 80 Mahale, kabla ya VAT ya asilimia 18. Bei za TANAPA hupangwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, hivyo ombeni orodha ya mwaka wenu kabla ya kuhesabu chochote.

Boti za abiria za kwenda upande wa Gombe hutokea Kibirizi, kijiji cha wavuvi kaskazini tu mwa Kigoma mjini. Zile zinazokwenda Mwamgongo na vijiji vya kuelekea mpaka wa Burundi huondoka mchana, zimejaa magunia, kreti za soda, magodoro, na kina mama wanaorudi kutoka sokoni. Zinakushusha Gombe alasiri. Kurudi, zinapita alfajiri. Kwa maana hiyo ukitaka siku moja kamili ya kutembea na sokwe, utalala usiku mara mbili. Kuanzia saa tisa alasiri ya siku ya kwanza hadi saa moja asubuhi ya siku ya tatu ni saa 40. Umevuka saa 24, umelipa mara mbili.

Kwa raia, hilo halina shida. Nauli ya boti ya abiria ni ndogo, kiingilio cha mara mbili bado kinavumilika, na mmepata jioni mbili za kukaa ufukweni mkiangalia taa za wavuvi. Chukueni boti ya abiria, mtafurahi.

Kwa mgeni wa nje hesabu inageuka. Mara mbili ni dola 200, na VAT yake inafika 236. Akienda kwa boti ya kukodi asubuhi na kurudi jioni, analipa mara moja, dola 118. Tofauti ni dola 118. Kama mchango wake kwenye boti ya kukodi ni chini ya hapo, boti iliyoonekana ghali ndiyo rahisi kwake, hata kabla hajahesabu kitanda cha usiku wa pili. Usiangalie bei ya boti peke yake. Iangalie pamoja na saa.

Mapenzi ya pasipoti mbili

Hapa nawageukia wale ambao mwenzi ni mgeni. Mko wengi, na barua zenu nazisoma. Kwenye safari hii pengo lenu litaandikwa kwenye risiti. Mlango ule ule, siku ile ile, mmoja analipa shilingi na mwingine anatoa dola. Mahale kwa siku nne peke yake, dola 80 kwa kila siku, ni dola 320, na VAT inafika 377 na senti 60. Hiyo ni kabla ya mwongozaji, kitanda na boti.

Nani analipa? Nimesikia majibu ya kila aina. Kuna wanaosema kila mtu alipe chake, kwa kuwa bei imewekwa na serikali siyo na mke. Kuna wanaojumlisha zote na kugawa nusu kwa nusu. Kuna wanaogawa kwa uwiano wa mshahara. Mimi sitawachagulia. Nawaomba tu mlimalize mkiwa nyumbani, mmekaa, mmekula, siyo dirishani kwa askari wa hifadhi huku foleni inawasikiliza. Na kama mwenzi wako ni Mkenya, Mganda, Mrundi au Mkongomani, abebe pasipoti au kitambulisho chake halali. Uso hauna uraia. Karatasi ndiyo inayo.

Stanley naye alipiga hesabu

Ujiji iko kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini, daladala inakufikisha. Mtaenda, kila mtu huenda, kuona mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho na miembe. Kinachosimuliwa zaidi pale ni kukutana kwenyewe. Mimi nawaambia habari ya bajeti.

Kabla ya kuondoka pwani, Stanley aliwauliza wafanyabiashara wa Zanzibar msafara wa watu 100 unakula kiasi gani. Akaambiwa doti 10 za nguo kwa siku. Akazidisha kwa mwaka mzima, akapata doti 3,650, akazinunua kwa mafungu: amerikani, kaniki na nguo za rangi. Mbali ya nguo alibeba shanga na waya. Na shanga zilikuwa na kasheshe lake: ushanga unaopendwa sehemu moja ulikataliwa sehemu nyingine, hivyo ilibidi ajue mapema kila aina itatumika wapi. Ujiji kwenyewe sokoni zilitumika shanga ziitwazo sofi. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika pale mwaka 1874, aliandika kwamba asubuhi walipita watu na mikoba ya shanga wakiwabadilishia wanunuzi, na soko likifungwa wanazichukua tena kwa wauzaji, wakipata faida mara zote mbili. Biro de chenji kabla ya biro de chenji!

Leo mambo ni yale yale, nguo tu imebadilika. Mjini Kigoma kuna benki na mashine za kutolea hela, na mawakala wa simu kila kona. Hifadhi haipokei hela taslimu getini: mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontro namba. Nahodha wa boti yeye anataka taslimu, maana mafuta ananunua kwa taslimu. Mama lishe wa kijijini anataka noti ndogo, ukimpa elfu kumi kwa chapati mbili umemtesa. Kwa hiyo pangeni hela kwa aina yake, siyo kwa kiasi tu. Kiasi gani kwenye kadi, kiasi gani kwenye simu, kiasi gani mfukoni, na kiasi gani cha noti za elfu moja na elfu mbili. Ukishapita Kibirizi hakuna benki ya kukuokoa.

Dagaa nao wana ratiba

Chakula cha Kigoma ni raha kwa mwenye bajeti: ugali wa muhogo, dagaa, mgebuka, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Sisi asubuhi tulikuwa tunakwenda soko la Mwanga, tunanunua vya siku nzima, tunarudi na chenji.

Ila jueni haya mawili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakifuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi, wavuvi wengi hupumzika, na sokoni bei hupanda. Kama mnataka kubeba dagaa wakavu wa mlimani, wanunueni kabla ya mbalamwezi. La pili ni kubwa zaidi: mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa. Angalieni hiyo miezi: ndiyo kiangazi, ndiyo miezi ya mlima. Ukienda wakati ziwa limefungwa, usiwe na bajeti inayotegemea samaki wa bei poa. Weka maharage.

Kuhusu usafiri wa kufika, treni ya reli ya kati bado ndiyo inayoendana na jina la safari. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Dar inachukua kama siku mbili. Tangu mwaka 2024 mnaweza kuanza kwa treni ya umeme ya SGR hadi Dodoma, kisha mkaunganisha kwa basi au kwa treni ya zamani. Ndege zipo kwa wenye haraka. Na wale wanaoota kwenda kusini na meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye makasha na kushushwa ziwani Kigoma mwaka 1915: imekaa miaka kadhaa bila safari kwa ajili ya matengenezo, hivyo ulizeni bandarini kwanza. Msiandike nauli ya meli kwenye daftari kabla hamjaisikia ikipiga honi.

Pasipokatwa hata shilingi

Kuna vitu vitatu sikubali vibanwe. Cha kwanza ni maboya. Boti isiyo na boya la kila abiria siipandi, hata iwe bure. Ukipunguza bei kwa kumbana nahodha, yeye atapunguza mafuta au maboya, na wewe ndiye utakayekuwa katikati ya ziwa.

Cha pili ni afya: chandarua, dawa za malaria, maji salama. Hapa kuna jambo la sokwe pia. Sokwe huambukizwa mafua yetu, na yanawaua. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwapiga sokwe wa Mahale na kadhaa wakafa. Ndiyo maana mnavaa barakoa mkiwa nao, mnakaa umbali mnaoambiwa, na muda wenu nao ni saa moja tu. Mwenye mafua haruhusiwi kuwasogelea. Hebu fikiria umelipa boti, umelipa kiingilio, halafu unapiga chafya. Siku za kusubiri zinafanya kazi hapa tena: ukiumwa mjini, unapona mjini, safari inasogea.

Cha tatu ni mwongozaji na wabeba mizigo. Mlipeni kilichokubaliwa, na mwekeni bakshishi kwenye fungu la mlima tangu mwanzo, siyo kupekua mifuko siku ya kuagana.

Nani anashika pochi?

Sasa swali la ndani ya nyumba. Mwezi mzima, chumba kimoja, begi moja la hela. Kwetu tulifanya hivi: fungu la mlima lilishikwa na mmoja, fungu la nchi kavu na mwingine, na fungu la kusubiri halikuguswa mpaka wote wawili tukubaliane kwa sauti. Kila mmoja alikuwa pia na hela yake kidogo isiyoulizwa. Akitaka kitenge, anunue. Akitaka bia mbili ufukweni, anywe. Hiyo hela isiyoulizwa ni ndogo kwenye bajeti lakini inazuia maneno mengi.

Kila jioni, dakika kumi, daftari. Tumetumia nini, kimebaki nini. Dakika kumi tu, halafu linafungwa na hakuna kuliongelea kitandani. Wenye kipato tofauti, hasa pale bibi anapomzidi bwana, nawashauri mkubaliane kabla: mkishaingiza hela kwenye mafungu, haina tena mwenyewe. Hakuna “hela yangu” katikati ya ziwa.

Na usisahau zawadi. Ofisini wakijua unakwenda Kigoma, orodha inaanza siku hiyo hiyo: dagaa kilo mbili, mawese dumu moja, vitenge pea tatu, mama mkwe ana chaguo lake la rangi. Zawadi ni fungu, ziandikeni. Mnaamua mapema ni watu wangapi na kiasi gani, mnanunua siku mbili za mwisho, na mnauliza gharama ya mzigo kabla ya kufunga dumu la mawese.

Najua kuna atakayesema: kwa hela hiyo si tungelipia awamu mbili za kiwanja? Ni swali la haki na mzee wangu aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba kiwanja kina fungu lake na hatujaligusa. Kama la kwenu itabidi liguswe, basi ahirisheni mwaka mmoja, mlima haujengewi ukuta. Lakini kama hela ipo na mnachoogopa ni kukaa wawili siku 28 mkitazamana na daftari katikati, basi mna sababu nyingine kabisa ya kwenda, na ni afadhali mlijue hilo sasa kuliko baada ya nyumba kuisha kujengwa.

Jumapili hii kaeni chini, chukueni karatasi, andikeni mafungu matatu. Anzeni na la kusubiri.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Maswali yenu nayapokea kama kawaida.